Dereva wa Kwanza na Dereva wa Pili

Wiki hii nilikwenda Thika na rafiki yangu tuliyemaliza naye chuo, tukaingia sinema mchana. Ilikuwa ya polisi, na ilikuwa ya pili. Ya kwanza tuliiona tukiwa bado wanafunzi. Tulipotoka, hata kabla macho hayajazoea jua, rafiki yangu alikuwa amekwisha kukata kesi. "Ya kwanza ilikuwa bora," alisema. "Ya pili siku zote ni makapi." Watu wawili waliokuwa mbele yetu waligeuka wakamuunga mkono, mmoja akaongeza kwamba hata yule inspekta amenenepa. Kisha wote watatu wakaniangalia mimi.

Sikusema kitu. Wanaonijua wamezoea, mimi ni mtu wa kujibu swali siku ya tatu. Lakini safari hii sikuwa napima maneno. Nilikuwa nimerudi ghafla kwenye ghala la kahawa kule Ruiru, nina miaka kumi, nimekalia gunia linalonichoma mapajani, na swali lililonijia ni hili: ya kwanza ipi? Maana mimi niliwahi kuona sinema ya pili ambayo ilikuwa na za kwanza mbili.

Tulikaa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa, ng'ambo ya mto. Watu wa kambi walikuwa wametoka kila upande, na sisi tulikuwa wa magharibi. Asubuhi iligongwa reli kwa nyundo, kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, na hapo mama na wanawake wengine walishika vikapu. Msimu wa kuchuma, maganda ya kahawa yalirundikwa karibu na mtambo yakachacha, na harufu yake, kali na tamu kama kitu kilichosahauliwa kwenye chungu, iliingia mpaka kwenye uji. Hatukuichukia. Ilimaanisha kuna kazi.

Nyanya, mamake baba, alipikia kwenye jiko la udongo nyuma ya nyumba yetu. Paa la jiko lilikuwa nyasi upande mmoja, na upande wa pili madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Mvua ikinyesha lilivuja mahali pamoja, juu kidogo ya figa la tatu, na nyanya aliweka sufuria hapo chini. Nilijifunzia kupika mboga ya mrenda mahali hapo, na kusonga ugali wa mtama, huku tone linapiga sufuria, ti, ti, ti, na nyanya akiniambia, "Koroga, mama, usisikilize maji." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake.

Kwenye hilo paa ndiko kulikoanza kila kitu.

Baba alikuwa askari wa lango. Kazi yake ilikuwa kumpekua kila anayepita, awe mgeni au jirani, na kuuliza karatasi ya kitu alichobeba. Baba mdogo, yaani mdogo wake, alifanya kazi kwenye meza za kuanikia kahawa, shamba lile lile. Siku moja baba mdogo alichukua mabati mawili yaliyotupwa nyuma ya mtambo, yenye kutu pembeni, ya kumalizia paa la jiko la nyanya, akayaweka begani akaja nayo langoni saa ya kutoka, mbele ya watu wote, nami nikiwemo, kwa sababu nani angemzuia? Baba alimzuia. Akamuuliza karatasi. Baba mdogo akacheka, akidhani ni mzaha. Nyapara alikuwa amesimama pale. Baba akaandikisha jina la ndugu yake, na kesho yake baba mdogo alifukuzwa kazi.

Alihamia Thika, upande wa Kamenu, akapata kazi kwenye kiwanda cha mananasi ya mikebe. Miaka miwili yeye na baba hawakusemeshana. Nyanya hakumlaumu yeyote kwa mdomo. Alichofanya ni kukataa jiko lake lisitengenezwe. Baba alipotaka kupanda kuziba tundu, nyanya alisema, "Acha. Aliyelianza atalimaliza." Misimu ya mvua ikapita, sufuria pale pale.

Jumamosi nyingine nilipanda treni na jirani yetu, mama wa Kikuyu aliyepeleka mboga soko la Thika, nikiwa na kikapu cha chakula ambacho nyanya alimtumia baba mdogo. Baba mdogo mikono yake ilinuka nanasi hata baada ya kunawa. Alikuwa na maswali mawili tu, kila mara hayo hayo. "Mama hajambo?" Hajambo. "Jiko bado linavuja?" Bado. Habari za baba hakuuliza kamwe.

Basi gari la sinema likaja. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, jua likitua kila mtu awe ndani, kwa hiyo walituonyesha mchana, ndani ya ghala, madirisha yakizibwa kwa magunia. Shuka lilitundikwa ukutani. Mashine ililia kama cherehani. Na kando ya shuka alisimama mfasiri na kipaza sauti, mzee wa Majengo mwenye kofia nyeupe, anayetafuna karafuu. Picha ilisema Kizungu. Yeye ndiye alitupa maneno. Wengi wetu hatukuwa na njia nyingine ya kuijua hadithi, na wala hatukuihitaji.

Sinema ile sisi tuliiita Dereva. Dereva wa lori anasingiziwa ameiba benki, na Inspekta mwenye koti refu anamfukuza mji mzima. Kuna gari linaloruka mfereji. Kuna mbwa. Mwisho wanakutana darajani, mvua inanyesha, Inspekta amemwelekezea Dereva bastola, wanaongea maneno machache, kisha Inspekta anamfunga pingu. Mfasiri alishusha sauti. "Anamwambia: ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja mimi na wewe, tukapotezana utotoni. Lakini nimekula kiapo cha kazi. Nyoosha mikono."

Ghala zima liliguna. Jirani yetu alishika kichwa, "Atiriri! Mtoto wa mama yake!" Mimi niligeuka nyuma. Baba alikuwa mlangoni na rungu lake, maana hata sinema ilihitaji askari, na nilimwona anatoka. Nilimkuta kwenye mfereji wa maji, ananawa uso, ananawa tena.

Jioni ile alimweleza nyanya hadithi yote, yeye ambaye hakuwa mtu wa hadithi. Alipomaliza alisema, "Inspekta alifanya kazi yake."

"Aliifanya," nyanya alisema, akichochea moto. "Na mama yao, sinema haikumwonyesha?"

Baba aliinuka akaondoka. Lakini kuanzia siku ile alianza kumtaja ndugu yake, kwa kuzungukazunguka, kupitia Dereva. Dereva atakuwa ametoka jela sasa. Dereva atakuwa na hasira. Mtu wa kambi akamwambia kwamba kuna ya pili, imeshatengenezwa, itakuja. Baba akawa anaingoja kama mtu anayengoja barua.

Sasa nikwambie kilichonikosesha amani. Nilikuwa nimeanza Kiingereza shuleni, na nilikuwa mtoto wa kusikiliza mno. Pale darajani, chini ya sauti ya mfasiri, nilimsikia Inspekta mwenyewe. Hakusema ndugu. Hakusema ziwa. Aliuliza pesa za benki ziko wapi, mara mbili, na Dereva akajibu hajui. Basi. Nilijua kwamba undugu wao ulitoka kinywani mwa mzee wa karafuu, na kwamba baba yangu ananawa uso kwa ajili ya kitu ambacho hakikuwemo. Sikumwambia mtu. Nilianza kuhesabu yatakayotokea: ya pili itakuja, itaonyesha kwamba si ndugu, baba ataona aibu, na mlango uliofunguka kidogo utafungwa. Nilipungua mwili. Mama akanipa dawa ya minyoo.

Habari ikaja kwamba ya pili itaonyeshwa Thika kwanza, kwenye ukumbi wa kiwanda, Jumamosi. Baba aliomba ruhusa. Akaniita, akanipa maneno ya kupeleka, yeye akitazama kwingine. "Mwambie baba yako mdogo nitakuja kuiona. Akiwepo, awepo."

Nilimkuta baba mdogo anafua. Alisikiliza, akakamua shati pole pole.

"Anataka kuja kumwona yule polisi mshenzi?"

"Mshenzi kwa nini, baba mdogo?"

"Hujaiona? Yule ndiye mwizi! Aliiba benki yeye, akamsingizia Dereva ili amnyang'anye mchumba. Pale darajani alimwambia wazi: utaozea jela, na mimi nitaoa. Thika yote iliona."

Nikasimama na kikapu changu. Nilikuwa nimejiandaa kwa uwongo mmoja. Sikuwa nimejiandaa kwa uwongo wa Thika.

Jumamosi ile tulipanda treni, baba, mimi, jirani yetu na watu wengine wa kambi kama kumi. Baba alikuwa amevaa koti. Tulipofika, niliteleza katikati ya watu mpaka mbele, ambako mfasiri alikuwa anavuta pembe za shuka.

"Mzee, shikamoo. Dereva na Inspekta, kule Ruiru ulisema ni ndugu."

"Nilisema?" Akatoa karafuu mdomoni akaitazama. "Inawezekana."

"Na hapa Thika ulisema ni maadui kwa sababu ya mwanamke."

"Hapa ni vijana wengi, wanapenda mambo ya wanawake. Makuyu nilisema ni baba na mwana, wakalia." Aliinama kidogo, akapunguza sauti. "Binti, wale watu wanaongea haraka. Nashika nusu. Nami siwezi kunyamaza, nikinyamaza natupiwa maganda ya miwa. Unataka niwafanye nini?"

"Ndugu. Leo tafadhali wawe ndugu."

Alinitazama kwa muda. Sijui aliona nini. "Haya," alisema. "Leo ni ndugu."

Nilirudi nikakuta baba mdogo ameingia. Alikuwa ameacha nafasi moja kati yake na baba, na hiyo nafasi ilikuwa yangu. Hawakusalimiana. Harufu ya nanasi kushoto, ya sabuni ya kipande kulia.

Nitakuwa mkweli: Dereva ya pili ilikuwa mbaya. Ile ya kwanza ilikuwa na gari moja likiruka mfereji, nasi tukalizungumza mwaka mzima. Hii ilikuwa na magari tisa na hakuna hata moja ninalolikumbuka. Mbwa hayupo. Na Dereva mwenyewe alikuwa mtu mwingine kabisa. Walikuwa wamemweka mtu mrefu mwenye masharubu, na alipotoka lango la jela tu, ukumbi ukapiga kelele. "Huyu si yeye!" "Jela imemnyoosha!" "Chakula cha jela kinaotesha masharubu?"

Mfasiri alivumilia. Ikafika mahali Inspekta anamkuta Dereva kwenye karakana, naye akatimiza ahadi yake. "Anamwambia: ndugu yangu, mtoto wa mama..."

"Ndugu wa wapi!" sauti ilitoka nyuma. "Si alimnyang'anya mchumba?"

"Ndugu kabisa!" jirani yetu alisimama na kanga yake. "Ziwa moja! Sisi wa Ruiru tuliona!"

"Ninyi wa Ruiru mliona ghala la kahawa!"

"Na wewe uliona mikebe!"

Ukumbi mzima ukaanza kuulizana umeona ipi. Mzee wa karafuu alijaribu kuwapatanisha, akasema ni ndugu ambao pia walimpenda mwanamke mmoja, na hapo ndipo alipoharibu kabisa, kwa sababu sasa pande zote mbili zilimwita mwongo. Mimi nilikuwa nimefumba macho. Kisha juu ya kichwa changu nikasikia baba mdogo akisema, si kwa ukumbi, kwa mtu mmoja tu:

"Ndugu gani anamfunga ndugu yake?"

Miaka miwili, na hilo ndilo neno la kwanza.

"Angefanya nini?" baba alisema. "Naye ndiye amewekwa getini?"

Hakukuwa na geti katika sinema. Kulikuwa na daraja. Nilifumbua macho nikamtazama, naye alikuwa ametazama mbele, shingo imekakamaa.

"Angesema tu," baba mdogo alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Angesema, rudisha hayo mabati, mimi sijakuona. Kesho ningekuja kuomba karatasi."

"Nyapara alikuwa amesimama hapo. Ningesema vipi? Nina watoto."

"Hata kunikonyeza, kaka?"

"Mabati gani tena?" mtu wa nyuma yetu aliuliza. "Sinema hii ina mabati?"

"Nyamaza, mzee, tazama mbele!" baba mdogo alimwambia.

Mbele, mfasiri alikuwa amechoka. Aliweka kipaza sauti juu ya sanduku, akakaa, akasema bila chombo, "Anayejua zaidi amalizie." Na mwisho wa Dereva ya pili ukapita bila maneno. Inspekta na Dereva wamesimama kando ya gari, nyuma yao kuna meli. Inspekta anasema kitu. Dereva anajibu. Inspekta anatoa sigara, Dereva anachukua. Ukumbi ulinyamaza kuliko nilivyowahi kuusikia, kila mtu akijaribu kusoma midomo ya Wazungu.

"Anamwambia pole," baba alisema.

Nilihisi baba mdogo anapumua. "Hapana," alisema. "Anamuuliza mama hajambo."

"Hajambo," baba alijibu. "Lakini jiko linavuja."

Mimi nilisikia walichosema kwenye shuka. Inspekta alisema gari halina mafuta ya kutosha kufika. Dereva akasema basi watembee. Ndiyo hayo tu. Miaka hii yote sijamwambia mtu yeyote, si kwa woga kama wa zamani, ila kwa sababu kila nikiyapima na yale niliyoyasikia kando ya masikio yangu, naona Wazungu wale ndio waliokosea maneno.

Tulitoka jua bado liko juu. Baba mdogo alininunulia hindi la kuchoma, akatusindikiza mpaka stesheni, na njia nzima walibishana kama Dereva angeweza kuota masharubu jela. Hawakuombana msamaha mbele yangu. Kama waliombana, ilikuwa ndani ya ubishi ule.

Jumapili ya pili yake nilikuwa langoni na chakula cha baba. Nikaona mtu anakuja kutoka barabarani, kwenye njia ya kambini inayopita mbele ya lango, amebeba mabati mawili begani, mapya, yanawaka kwa jua hata huwezi kumtazama. Nyapara alikuwa kibarazani kwake. Baba alimwona ndugu yake kutoka mbali. Akasimama wima, akashika rungu, akazuia njia.

"Simama. Umebeba nini?"

"Mabati, askari."

"Karatasi iko wapi?"

Baba mdogo aliteremsha mabati chini taratibu. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa risiti ya duka iliyokunjwa mara nne, akamkabidhi kwa mikono miwili. Baba aliigeuza mbele na nyuma. Hakuwa msomaji, na ndugu yake alijua hivyo. Akanipa mimi. "Soma kwa sauti," alisema, "nyapara asikie." Nikasoma. Mabati mawili, misumari ratili moja. Midomo ya baba mdogo ilikuwa inatetemeka, na nilijua akifungua kinywa atacheka, na akicheka baba naye atacheka, na nyapara yuko pale.

"Pita," baba alisema. Na alipopita, nilimwona kwa macho yangu: alimkonyeza.

Walipanda juu ya jiko wote wawili jioni ile. Nyundo zililia hadi jua lilipokaribia kutua, na kati ya pigo na pigo wakibishana kuhusu magari tisa. Nyanya alikaa chini na mimi, akichambua mrenda. Mvua iliponyesha wiki hiyo, aliamka akaweka sufuria mahali pake, karibu na figa la tatu, kwa mazoea. Tulikaa tukaitazama. Maji yalinguruma juu ya mabati mpaka hatukuweza kusikizana, na sufuria ilikaa kavu.

Juzi, baada ya ile sinema na rafiki yangu, nilipita kambini. Nyumba zetu zimebomolewa, na jiko limekwenda nazo. Ghala bado lipo, madirisha yana vioo. Gari la sinema haliji tena, na mzee wa karafuu hakuna anayejua alikoishia. Siku hizi tunakaa kwenye viti, tunaelewa Kiingereza, na ukumbi mzima unatoka umeona kitu kimoja, tunakubaliana kabla ya kuvuka barabara. Ni maendeleo, na mimi mwenyewe ni mtoto wa maendeleo hayo. Lakini hakuna aliye na haja ya kumuuliza mwenzake umeona ipi.

Nimemaliza chuo, nangoja majibu ya barua za kazi, na nadhani hukumu ya rafiki yangu ilinichoma kwa sababu hiyo. Ikiwa ya pili siku zote ni makapi, na sehemu ya kwanza ya maisha yangu ilikuwa na nyanya na mabati na harufu ya kahawa, nangoja nini? Nimelizungusha siku tatu, kama kawaida yangu. Leo nimemwandikia jibu. Nimemwambia Dereva ya kwanza ilikuwa bora, hakuna ubishi, mbwa peke yake anatosha. Lakini langoni kwetu mambo yalitokea mara mbili, mtu yule yule, mzigo ule ule, swali lile lile, na nilikuwepo mara zote mbili. Ya pili ilikuwa bora.